Wastani Uliomwondoa Dada

Tak. Kimya. Kisha tak tena.

Nilisikia saa kabla sijamwona mwenye saa. Ukungu ulikuwa umeukalia mlima tangu alfajiri, na shule yetu yote, pamoja na kanisa na mikaratusi yake, ilikuwa imefutika kama maandishi ubaoni. Sisi wasichana wa darasa la nne tulisimama nje ya mlango tukiwa tumeshikana mikono. Ndani, madirisha ya mbao yakiwa bado yamefungwa, kuna kitu kilikuwa kikilia. Tak. Kimya. Tak.

"Panya," mmoja wetu akanong'ona.

"Panya gani huyo amevaa buti?" dada yangu akamjibu, nasi tukacheka tukiziba midomo, maana kweli buti zilisikika zikienda na kurudi juu ya mbao za sakafu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mzungu, mrefu, mwenye pua iliyobabuka kwa jua la tambarare ya Same, na mkononi alishika saa ya kubonyeza. Alikuwa akiijaribu tu, kama fundi anavyojaribu makali ya msumeno kabla ya kuanza kazi. Mwalimu wetu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, mdogo kuliko alivyokuwa jana yake.

"Huyu ni Bwana Mpimaji," Mwalimu alisema. "Amekuja kupima akili zenu."

"Atazipima kwa kitu gani, Mwalimu?" dada akauliza.

"Kwa saa."

Tulijua tayari kwamba mwaka ule shule ya kati ingechukua kutoka kwetu wale tu ambao Mpimaji angewapitisha. Kwa wengine wetu hilo lilikuwa jambo la kusubirika. Tulikuwa wadogo, tungeweza kurudia darasa. Dada hakuwa na nafasi hiyo. Aliingia shule akiwa amechelewa kwa sababu mama aliugua kwa muda mrefu na mtu wa kupika hakuwepo. Kwa hiyo alikaa benchi moja nami, mdogo wake wa kumfuata, akiwa tayari na kifua cha mwanamke na goti lisiloingia vizuri chini ya dawati. Baba alikuwa amesema mara moja, naye hakuwa na desturi ya kusema mara mbili: "Ukipita, nenda ukasome. Usipopita, ni Gonja."

Kule Gonja alikuwako mjane wa kiume aliyetafuta mke, mwenye mbuzi wengi na meno machache. Alikuja kwetu msimu wa maharage, akakaa kitini, akaomba maji. Dada alipomletea, mgeni yule hakuutazama uso wake. Aliitazama mikono yake, kutoka bega hadi kiganja, kama mtu anavyotazama mpini wa jembe kabla hajaulizia bei. Kisha akanywa maji yote.

Lazima nieleze hapa jinsi tulivyokata majani, maana bila hilo kilichotokea darasani hakieleweki, na Mpimaji aliondoka bila kukielewa.

Ng'ombe wetu walifungwa nyumbani, kwa kuwa miteremko ya kwetu si ya kuchungia, na kila alasiri sisi wasichana tulikwenda kuwakatia majani juu ya bwawa la mfereji. Tulikwenda pamoja, tulirudi pamoja. Njia ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hewa tupu. Aliyemaliza kukata alifunga mzigo wake, akaketi juu yake, akanyamaza. Hakusema "nimemaliza." Kusema hivyo kulikuwa kumkimbiza mwenzio mwenye panga butu, na mtu anayekimbizwa akiwa na panga mkononi hujikata. Mkubwa wetu ndiye aliyetazama. Aliyapitisha macho kwa kila mmoja hadi yule wa mwisho awe amefunga, ndipo naye alipoinuka, na alipoinuka yeye tuliinuka sote, tukatwishana mizigo vichwani. Mtu hawezi kujitwisha mwenyewe mzigo mbichi wa majani. Hilo ndilo jambo lote. Anayemaliza mapema na kuondoka peke yake huwa amemwacha mwenzake na mzigo chini.

Mkubwa wetu alikuwa dada yangu. Na wa mwisho, kila siku, alikuwa msichana mmoja mwenye macho mabovu, aliyelisogeza kila jani karibu na pua yake kama anayelinusa.

Mpimaji alitugawia karatasi. Zilikuwa na mistari ya picha: pembe tatu, duara, nyota, vyungu, ndege. Katika kila mstari picha moja haikufanana na nyingine, nasi tulitakiwa kuikata kwa msalaba. Alizungumza Kiswahili kigumu cha vitabuni.

"Fanyeni upesi. Anayemaliza anyanyue mkono. Mimi nitaandika saa yake. Anayefikia wastani atakwenda shule ya kati. Mmefahamu?"

"Tumefahamu, Bwana."

Wastani hatukuujua ni nini. Upesi tuliujua, lakini tuliujua kama kitu kinachofanywa kwa mikono, si kitu cha kumwonyesha mgeni.

Tak.

Kabla sijafika nusu ya karatasi, mkono mmoja ulipaa. Ulikuwa wa binti wa karani. Baba yake alifanya kazi katika ofisi za serikali kule Same, naye aliletwa kwa bibi yake mlimani kukimbia homa za bondeni. Alikuwa amesoma shule ya mji, yenye saa kubwa ukutani, na alikuwa amefanya mitihani ya namna hii hadi ikamchosha. Hakukata majani pamoja nasi. Kwa bibi yake kulikuwa na kijakazi.

Nami nikamaliza. Nikaweka penseli, nikaketi. Nilimtazama dada kwa pembe ya jicho: alikuwa amemaliza siku nyingi. Karatasi yake ilikuwa imejaa misalaba midogo iliyonyooka, na kiganja chake kimelala juu yake. Alikuwa ameinua kichwa, akiyapitisha macho kwa mmoja mmoja, taratibu, benchi hadi benchi. Wengine walikuwa wameketi kimya kama mimi. Mwenye macho mabovu peke yake alikuwa bado ameinama, pua juu ya ndege na vyungu.

Mpimaji alisimama mbele yetu na saa yake, akingoja. Nasi tulikuwa tukingoja. Nakumbuka nilijisikia vizuri. Nakumbuka amani ya dakika zile, jinsi ukungu ulivyokuwa ukipanda na kuacha vipande vya mashamba dirishani, na kupumua kwetu sote kwa pamoja.

Mwenye macho mabovu akaweka penseli. Dada akanyanyua mkono. Nasi sote tukanyanyua.

Mpimaji alibonyeza saa, akatutazama, akamgeukia Mwalimu. "Wameibiana?"

"Hapana, Bwana."

Alizikagua karatasi zetu. Hazikuwa na makosa, ila za wachache. Akasema vema, makosa si neno, muda ndio neno. Na kwa kuwa alikuwa mtu aliyependa kufundisha, akachukua chaki akamwonyesha Mwalimu wetu, mbele yetu, jinsi ya kutafuta wastani. Aliandika dakika za kila mmoja kwa safu. Safu ndefu ya namba zilizokaribia kuwa moja, na chini kabisa, peke yake, namba ndogo ya binti wa karani.

"Unajumlisha zote. Unagawanya kwa idadi ya watu. Hivi." Chaki ikalia. "Huu ndio wastani."

Akauzungushia duara. Ulikaa pabaya. Namba zetu zote zilikuwa upande mmoja wake, tukiwa tumechelewa kwa kitambo kidogo tu, lakini sote tumechelewa. Upande wa pili alikuwako binti wa karani.

"Amepita mmoja," alisema Mpimaji.

Mwalimu alikohoa. Nilimwona akiutazama ubao kwa muda, midomo yake ikicheza, akihesabu. "Bwana, samahani. Tukimwondoa huyu mmoja, wastani utapanda hadi hapa katikati yao. Yule mkubwa atapita. Yeye alinyanyua kwanza kuliko wenzake."

"Kwa nini nimwondoe?"

"Ametoka mji. Si kama hawa. Saa anaijua."

"Mwalimu," Mpimaji alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, "mimi sitoi namba kwa sababu hainipendezi. Leo nikitoa hii, kesho nitatoa ile, na mwisho nitakuwa na namba za kunifurahisha tu."

Nimekuja kusoma baadaye kwamba alikuwa sahihi. Ndilo jambo ambalo sijawahi kumsamehe.

"Lakini walikuwa wakingojana, Bwana," Mwalimu akasema, sauti imeshuka. "Ni mazoea yao."

"Saa hii haiulizi sababu." Akagonga safu ile kwa chaki. "Tena tazama, mtawanyiko wao ulivyo mdogo! Sijaona namba zilizokaa pamoja hivi popote. Wazito, lakini wanalingana. Ukitaka kujua gunia la mahindi huchambui gunia zima, unachota kiganja. Hawa ndio kiganja changu. Nitaandika kwamba wasichana wa milima hii ndivyo walivyo."

Mwalimu hakututazama. Binti wa karani aligeuka nyuma, akatutazama yeye kwa niaba yake. "Mmenyanyua mikono yote pamoja kama mnaungama dhambi," alisema. "Ng'ombe wa kwenu wana haraka kuliko ninyi."

Hakuna aliyecheka, ila Mpimaji, aliyefikiri ni mzaha wa kitoto.

Hapo dada akasimama. Kwa desturi yetu msichana hakusimama mbele ya mgeni bila kuitwa, na benchi lilipiga kelele alipolisukuma.

"Bwana, nipe karatasi nyingine. Nipime peke yangu."

Mpimaji alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mmoja. Akampa. Hakubonyeza saa. Dada hakuketi. Aliilaza karatasi juu ya dawati, akainama, na penseli ikapita juu ya mistari ile kama mkono unaopalilia shamba unalolijua. Alimaliza kabla Mwalimu hajamaliza kujifuta jasho. Sijawahi kumwona mtu akifanya jambo lolote vizuri namna ile, wala akiwa na hofu kiasi kile.

Mpimaji akaichukua karatasi. Aliisoma yote, mstari kwa mstari. Nitampa haki hiyo. "Vizuri sana," alisema. "Lakini sasa umeshaizoea. Mtu akipimwa mara ya pili kwa kitu kilekile, anayepimwa ni kumbukumbu." Akaipasua katikati, akazipasua tena zile nusu, ili asije akaichanganya na zile za kweli.

Dada akasema, "Asante, Bwana," akaketi.

Tulishuka nyumbani pamoja. Njiani mwenye macho mabovu alimshika dada kanga akasema, "Dada, umeninusuru leo." Msichana yule hakuelewa kilichotokea. Dada alimwambia, "Haya, mdogo wangu. Angalia jiwe hilo."

Baba alikuwa akipasua kuni. Hakuacha kupasua.

"Mwalimu anasemaje?"

"Hakupita," nilisema, kwa kuwa dada alikuwa ameshaingia jikoni.

"Na wewe?"

"Nami sikupita, baba."

"Wewe utarudia. Yule hana cha kurudia. Umri haurudiwi." Akaweka gogo jingine.

Mama aliuliza swali moja tu, akiwa ameinamia moto. "Mlingojana?"

"Tulingojana, mama."

Akafumba macho. Yeye ndiye aliyetufundisha. Kila msichana wa mteremko ule alifundishwa hivyo na mama yake, na kila mama alisifiwa kwa hilo. Moshi ulikuwa mwingi jikoni siku ile, nasi sote tulipata sababu ya kupangusa macho.

Shangazi yetu alifika kesho yake, habari ikiwa imemtangulia. Alikuwa dada mkubwa wa baba, na maneno yake yalipata njia popote. "Shikamoo, shangazi," dada alimsalimu akipiga goti.

"Marahaba. Kwa hiyo Mzungu amekupima akakuta u mzito. Angetuuliza sisi, asingehangaika kupanda mlima." Akamzunguka, akimtazama. "Haidhuru. Kule Gonja hawatazami saa. Wanatazama kama ugali umeiva."

"Ataiva kabla ya huo ugali," baba akasema, wakacheka wote wawili. Kicheko kile kilikuwa cha watu waliopata nafuu. Nilichukia nafuu ile zaidi ya kicheko.

Miaka ilipopita niliingia chuo, na miongoni mwa masomo yetu lilikuwamo lile la nafsi na akili za watu. Mhadhiri alianza kwa kutupa hesabu. Mfano aliotupa ulikuwa wa wanawake watano waliovuna maharage. Wanne walipata debe moja moja. Wa tano alipata madebe kumi na moja. Jumlisha, gawanya: wastani ni madebe matatu. "Sasa nionyesheni," alisema, "mwanamke mwenye madebe matatu." Hakuwepo. Wastani ulikuwa ukizungumza juu ya mtu asiyekuwepo, na wanne waliokuwepo walionekana mbele yake kuwa maskini. Namba moja ya mbali huuvuta wastani upande wake, alituambia, kama mzigo uliolegea unavyomlaza punda ubavu. Ndiyo maana mtu mwenye busara hupanga namba zake kwa mstari akatazama pia ile iliyosimama katikati. Ya katikati haivutwi. Hapo ilikuwa debe moja, nalo ndilo lilikuwa kweli.

Niliandika. Niliona ubao wa darasa la nne, nikapanga namba zetu kwa mstari kichwani, na kwenye nafasi ya katikati nikamkuta msichana wa kwetu, jirani wa tatu kutoka mtoni. Dada alikuwa mbele yake. Angepita.

Siku nyingine mhadhiri alisema kipimo kinaweza kutoa jibu lilelile kila kinapotumika, na bado kisiwe kinapima kile unachodhani. Akatuuliza mfano. Nilinyanyua mkono nikawasimulia habari ya majani na ya mikono iliyopaa pamoja. Nilitaka mtu aseme neno. Sijui neno gani.

"Mfano mzuri sana," mhadhiri alisema, na macho yake yaling'aa. "Andikeni huo." Na wote wakauandika, kalamu zikikwaruza, dada yangu akiwa mfano.

Lakini haya ni ya baadaye, na sikuwa na hata moja kati ya maneno hayo asubuhi aliyoondoka.

Ilikuwa kabla jua halijafika upande wetu wa mlima. Shangazi alikuwa nje tayari, akipiga miguu chini kwa baridi na kuita kwamba njia ya Gonja haijisogezi yenyewe. Vitu vya dada vilikuwa kitenge kimoja kilichofungwa fundo, na sufuria ambayo mama aliitoa katika vyombo vyake. Baba aliketi karibu na moto akinywa uji.

Dada alipiga goti mbele yake. "Baba, nakwenda."

"Nenda. Usije ukaturudishia aibu."

"Ndiyo, baba."

Kwa mama hakupiga goti. Walisimama wakitazamana, mama akamweka sawa mkunjo wa kanga begani, akauweka sawa tena, ingawa ulikuwa umekaa vizuri tangu mara ya kwanza.

Kisha akaja kwangu. Nilitegemea maneno ya kuagana, nami nilikuwa nimeandaa yangu. Alinishika kidevu, vidole vyake vikiwa vya baridi, akaniinua uso kama mtu anayetaka kuhakikisha anasikika.

"Mwakani atakuja tena, yule wa saa," alisema. "Ukimaliza, nyanyua mkono."

"Na wenzangu?"

"Nyanyua mkono. Usimtazame mtu."

"Dada, yule mwenye macho..."

"Umenisikia?"

"Nimesikia."

Aliniachia. Mwaka uliofuata alikuja kweli, yule wa saa, na nilinyanyua mkono wakati wenzangu wote wameketi na penseli zao mezani, wakitafuta kwa macho mkubwa wa kumtazama. Wastani niliupita kwa mbali. Labda niliuvuta nilipopita, sikugeuka kuona.

"Jamani, tutafika usiku!" shangazi akaita.

Dada alichukua kitenge na sufuria, akakanyaga nje. Ukungu ulimpokea miguuni kwanza. Niliona mgongo wake, kisha kisogo, kisha kile kitenge peke yake kikienda. Hakugeuka. Mama alibaki kizingitini, mkono mmoja kwenye mhimili.

"Funga," baba alisema. "Baridi inaingia."

Mama hakusogea.

"Mama watoto, nimesema baridi inaingia."

Mama akaufunga mlango.